Vitambaa Kumi na Vinne

Benjamini alipoteza jicho la kushoto mwezi wa tisa mwaka 2016, saa nne asubuhi, akiwa ameinamia injini katika gereji yake ya Chanji, mjini Sumbawanga. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Hedi, yaani kichwa cha injini, ilikuwa imeshafunguliwa na kuwekwa pembeni, na juu ya bloku, mwili wa injini, pale hedi inapokalia gasketi ya kuzuia maji na oili visivuje, mabaki ya gasketi ya zamani yalikuwa yameganda kama ukoko wa ugali. Alifunga brashi ya waya kwenye grainda na kuanza kuyakwangua, kama alivyofanya kwa miaka kumi na minane. Miwani ya kazi ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani. Uzi mmoja wa ile brashi ulikatika ukaruka.

Alipelekwa hospitali, akapewa rufaa kwenda Mbeya, akakaa huko siku kumi na moja. Aliporudi alikuwa na kiraka cheupe usoni na karatasi ya dawa mkononi. Aliwaambia waliokuja kumpa pole kwamba jicho moja linatosha kuona njia ya kanisani. Watu walicheka kwa adabu. Baada ya hapo hakulizungumzia tena.

Mkewe, Monika, alikuwa na miaka thelathini na tisa wakati huo. Ni mzaliwa wa Msanzi, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma hadi kidato cha nne, kisha akafanya kazi ya uhudumu kwa miaka kumi na miwili katika kituo cha afya cha watawa, kwenye chumba cha kutakasia vyombo. Kazi yake ilikuwa kupokea mikasi na koleo zilizotoka kwa wagonjwa, kuziloweka, kuzisugua, kuzikagua kwenye mwanga, na kuzipanga tayari kwa kuchemshwa. Vitambaa vya kufyonzea damu alivihesabu vikiingia na vikitoka. Kituo kilipopunguza wafanyakazi, yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani akashika jembe.

Mwanzoni alikwenda gereji kumsindikiza tu mumewe. Benjamini alikuwa bado anajikwaa kwenye vyuma vilivyokuwa upande wa kushoto, na akimimina oili ilimwagika nje ya tundu, kwa kuwa mtu wa jicho moja hupata tabu kupima umbali. Kazi za mikono zilifanywa na Alois, fundi mwenzake, kijana mwenye nguvu na haraka. Monika alikaa kwenye kiti cha mbao akitazama. Aliona kwamba Alois alichukua grainda ileile, akafunga brashi mpya ya waya, akaendelea na bloku ileile. Miwani alivaa, kwa siku chache.

Monika alimuuliza swali moja: lile vumbi linakwenda wapi? Alois akamjibu kwa heshima kwamba linapulizwa na kompresa, na likibaki kidogo litachujwa na filta ya oili.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," alisema. "Hapa si leba."

Wiki tano baadaye gari lile lilirudi likivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa imenoki, haizunguki tena. Walipoifungua, beringi zinazobeba mhimili wa injini zilikuwa na mikwaruzo mirefu, na ndani ya chuma chake laini zilikuwa zimekwama chembe ndogo zinazong'aa. Benjamini alizipitisha beringi kwenye kidole gumba, moja baada ya nyingine, kisha akampa mkewe naye azipapase. Alimweleza kwamba chembe hizo ni vumbi la chuma na nyuzi za waya, kwamba zilidondokea kwenye matundu ya oili wakati wa kusafisha, na kwamba filta huchuja kilichofika kwenye filta tu. Kilichokwisha kuingia kwenye njia iliyo baada ya filta kinafika kwenye beringi kabla ya kukutana na chochote.

Monika alisema kwamba kule kituoni walifundishwa jambo hilohilo siku ya kwanza: kidonda hakiozeshwi na uchafu unaouona, bali na ule usiouona.

Kuanzia wiki ile alianza kusafisha yeye. Hakuomba ruhusa na hakuna aliyempa. Alipasua shuka jeupe la zamani akapata vipande, akavipindia kingo na kuvishona ili visitoe nyuzi. Alichagua nyeupe kwa sababu uchafu huonekana juu yake. Kabla ya kugusa uso wa bloku aliziba kila tundu: vipande vikubwa juu ya pistoni, vidogo kwenye njia za maji na za oili. Kisha aliloweka mabaki ya gasketi kwa dawa ya kulainisha, akavaa glavu na miwani, akaondoka kwenda kufanya jambo lingine. Mafundi wengi hukwangua gasketi ikiwa kavu. Yeye alikataa, kwa kuwa Benjamini alimwambia gasketi za magari ya zamani zina nyuzi ambazo zikipeperuka kama vumbi huharibu mapafu. Gasketi iliyolowa haipeperuki.

Mabaki yakishalainika aliyasukuma kwa kipande alichokikata kwenye kibao cha plastiki ngumu cha kukatia nyama na kukinoa kama patasi. Kwenye bloku ya chuma, palipokuwa pagumu, alitumia skrepa ya chuma akiilaza bapa, asiisimamishe. Kwenye hedi ya alumini chuma hakikugusa kamwe, wala wembe, wala msasa. Alumini ni laini. Mkwaruzo mwembamba kama unywele unatosha kupitisha maji. Matundu ya boliti aliyafuta kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, kwa sababu oili ikibaki chini ya tundu, boliti ikikazwa itaibana, na bloku inaweza kupasuka. Petroli aliipiga marufuku, kwani ilipasua mikono na fundi wa kuchomelea alikuwa hatua sita tu kutoka hapo. Mwisho alifuta uso wote kwa spiriti, akibadilisha upande wa kitambaa, hadi kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Ndipo alipovitoa vile vizibo, kimoja kimoja, akavihesabu kwenye sinia.

Kazi ya dakika arobaini ikawa ya nusu siku. Wateja walilalamika. Wengine walihamia gereji nyingine, na Alois naye alihama baada ya miezi mitatu, bila ugomvi, akisema kwamba yeye hawezi kufanya kazi kwa mwendo wa jumuiya inayosali rozari. Waliobaki walianza kumwita Monika Sista. Hakulipenda jina lile wala hakulikataa.

Benjamini na mkewe walizoeana katika kazi ile kwa taratibu. Benjamini alikuwa na maarifa na nguvu za kukaza. Monika alikuwa na macho mawili na subira. Mume alilaza rula ya chuma juu ya hedi, mke akaangalia kama mwanga unapita chini yake. Waliongea Kifipa wakiwa wawili na Kiswahili mteja akiwepo. Miaka ilikwenda hivyo. Magari yaliyotoka pale hayakurudi kwa tatizo lilelile, na wenye magari wakaanza kuambiana. Mafundi wa gereji nyingine walianza kuleta hedi tupu, zimefungwa kwenye magunia, ili Monika azisafishe tu na wazichukue.

Mwezi wa saba mwaka 2023, dereva aitwaye Ipyana alileta pikapu. Yeye ni mtu wa Mbeya anayefanya biashara ya mchele. Alikuwa amepakia magunia Ilemba, chini bondeni, na katika kupanda mlima kurudi juu gari likachemsha. Alisimama mara tatu kuongeza maji. Mara ya tatu moshi mweupe ukatoka nyuma, naye akajua gasketi imekwenda. Alifika Chanji akivutwa na lori. Gari hilo alilinunua kwa mtu mwaka mmoja tu uliopita. Alimwambia Benjamini pia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba taa ya oili ilikuwa ikiwaka na kuzima kila akipanda mlima, ila alidhani ni waya.

Waliifungua siku ya kwanza. Hedi ilipelekwa kupimwa na kuchongwa kidogo. Siku ya pili Monika alisafisha. Aliingiza vitambaa kumi na vinne: vinne vikubwa, kumi vidogo. Ipyana alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na meza, akipiga simu. Mke wake, Atupele, alikuwa na ndugu anayeoa Tunduma Jumamosi, na mchele wa sherehe ulikuwa juu ya lile pikapu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Saa nane mchana Monika alivihesabu vitambaa kwenye sinia. Vilikuwa kumi na vitatu. Alihesabu tena. Alipiga magoti akatazama chini ya meza, akatazama kwenye pipa la taka, akatikisa glavu. Kisha alimwambia mumewe kwamba hawezi kufunga.

Benjamini alimulika matundu yote kwa tochi. Hakuona kitu. Alisema kitambaa kingekuwepo kingeonekana, ni cheupe. Monika alimwonyesha tundu la kurudishia oili, lile pana linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kitambaa kidogo kingeweza kupita hapo. Ili kujua, ilibidi sampu ishushwe, na hiyo ni kazi ya saa tatu kwa mtu aliyelala mgongoni chini ya gari.

Ipyana alikata simu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ameambiwa gari litawaka jioni ile. Benjamini alimgeukia mkewe.

"Mama Jenifa, umekosea kuhesabu. Tufunge. Fundi hapa ni mimi."

"Fundi ni wewe, Baba Jenifa," alisema Monika. "Lakini vitambaa niliviingiza mimi. Mimi sifungi."

Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza, akakaa kwenye kiti chake. Benjamini alitazama bloku, akamtazama mteja. Kisha akachukua gunia, akalitandika chini ya pikapu, akaingia.

Sampu ilishuka saa kumi na moja. Hakukuwa na kitambaa. Ndani yake mlikuwa na oili nyeusi, na katika oili hiyo zilikuwa zimelala nyuzi na mapande ya kijivu, laini kama raba, mengine marefu kama kidole. Chujio ambalo injini hunyonyea oili lilikuwa limezibwa na vitu hivyohivyo zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo sababu taa ilikuwa ikiwaka mlimani. Safari nyingine moja au mbili za Ilemba na injini ingekosa oili kabisa.

Ni Ipyana aliyekipata kitambaa. Alichomeka mkono kwenye mfuko wa shati kutafuta kalamu akatoka nacho. Alikuwa amekichukua kwenye sinia kufutia kioo cha simu, bila kuwaza. Alikiweka juu ya meza na kuomba radhi mara mbili. Monika alisema si kitu, akakiweka pamoja na vingine. Baadaye Monika alikiri kwamba wakati ule alijisikia vibaya kuliko Ipyana. Alikuwa amemlaza mtu wa jicho moja chini ya gari saa tatu kwa ajili ya kitambaa kilichokuwa mfukoni mwa shati.

Benjamini hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameishika sampu karibu na uso, akiigeuza ukingoni, pale inapogusana na bloku. Silikoni ilikuwa imepakwa nene juu ya mabaki ya gasketi ambayo hayakuondolewa. Kwa kuwa uso haukuwa safi, aliyeifunga aliongeza gundi ili isivuje, na gundi iliyozidi ikasukumwa kwa ndani, ikakauka, ikaanza kukatika vipande. Kwenye kona ya sampu, karibu na boliti ya mwisho, palikuwa na alama mbili za patasi zilizokatizana. Mafundi wengi wana alama yao. Ile ilikuwa yake.

Angeweza kukaa kimya. Ipyana hakujua gari limepitia kwa nani kabla yake. Monika naye aliiona ile alama.

"Hii nilifunga mimi," Benjamini alimwambia Ipyana. "Kabla sijaumia jicho. Nilikuwa na haraka."

Ipyana alitazama chujio, akatazama ile sampu. Aliuliza kama litaweza kutengenezwa. Akaambiwa ndiyo, ila si leo. Aliondoka kwenda kutafuta gari la kukodi la kupeleka mchele Tunduma, na mtu angeweza kuona kwamba amekasirika kwa jinsi alivyofunga geti polepole mno. Kesho yake Monika aliisafisha sampu kwa muda uleule anaotumia kwenye hedi. Silikoni ilipakwa mstari mmoja mwembamba tu, na gari likawaka Jumamosi asubuhi. Atupele ndiye aliyekuja kulichukua, ili awahi nalo sherehe ya jioni, kwa kuwa mumewe alikwisha kutangulia Tunduma na mchele. Aliendesha mwenyewe, taratibu, mpaka mwisho wa barabara, akageuza, akarudi kusema kwamba taa ya oili haiwaki.

Jumapili baada ya misa Benjamini aliketi mezani na daftari la shule la binti yao, Jenifa, akaandika magari. Aliyakumbuka tisa. Yalikuwa magari aliyofunga sampu zake kwa namna ile katika miaka miwili ya mwisho kabla ya ajali, wakati kazi zilipokuwa nyingi. Monika alimuuliza anataka kufanya nini nayo. Akasema anataka kwenda kuwaambia.

Monika alimshauri asiende peke yake. Hivyo ndivyo walivyotumia siku zao zisizo na kazi za miezi miwili iliyofuata. Magari manne yalikuwa yameuzwa na hayakujulikana yalipo. Mawili yalikuwa yamekwisha kufa injini. Mwenye moja, mfanyabiashara wa Katandala, alikuwa ameamini miaka yote kwamba aliuziwa oili feki, na alipoambiwa ukweli aliwatoa nje ya duka lake mbele ya watu. Benjamini alitoka bila kujitetea. Mwenye lingine alikuwa amekufa, na mtoto wake akasema hajui lolote. Mwalimu mmoja wa Matai alicheka, akasema gari lake linakwenda vizuri na asingependa liguswe. Wa pili kutoka mwisho alikubali, wakakuta chujio safi na sampu isiyo na kitu. Pengine siku hiyo Benjamini hakuwa na haraka.

Gari la mwisho lilikuwa Mwimbi, kwa mama aitwaye Bertilla, mjane anayekusanya mahindi kwa wakulima na kuyapeleka mnadani. Walifika kwa basi dogo la asubuhi, na sanduku la spana na mfuko wa vitambaa. Bertilla aliwapokea, akawapa viti, akasikiliza maelezo ya Benjamini hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini wamekuja mbali hivyo kwa gari ambalo halijalalamika?

Benjamini alifikiri. Akasema kwamba alipokuwa na macho mawili alifunga vitu bila kuviangalia, na sasa anataka aviangalie.

Bertilla akasema sawa, lifungueni.

Pikapu lilikuwa limeegeshwa uani. Wakati Benjamini anamwaga oili, wanawake watatu upande wa pili wa ua walikuwa wakipepeta ulezi. Upepo wa kiangazi wa Ufipa ulikuwa mkali, na makapi yalipita juu ya ua kama moshi mwekundu, yakatua kwenye magunia, kwenye nywele, kwenye boneti. Benjamini alikwisha kulegeza boliti za sampu zote isipokuwa mbili. Monika alimgusa mguu uliotokeza chini ya gari.

"Subiri kwanza," alisema. "Tusifungue kwenye makapi."

Bertilla alitaka kuwaambia wanawake waache. Monika akakataa, akasema upepo ukipotea ulezi hautapepetwa, nalo gari lina muda. Benjamini alitoka chini ya gari, akajikung'uta. Mmoja wa wale wanawake aliwaita kwa Kifipa, akiuliza kama wageni wanaweza kushika ungo. Monika alifunga kitenge vizuri kiunoni akaenda. Alikuwa hajapepeta tangu alipoondoka Msanzi, na ungo wa kwanza aliumwaga nusu nje ya mkeka, wakamcheka.

Walimaliza kama saa saba. Walifagia ua, wakanyunyiza maji kuzima vumbi, wakasubiri udongo utulie. Kisha Benjamini akarudi chini ya gari, akatoa boliti mbili zilizobaki. Chujio lilikuwa limezibwa theluthi moja. Bertilla alipiga magoti kuangalia, akachukua uzi mmoja wa ile silikoni ya kijivu, akauvuta kati ya vidole vyake mpaka ukakatika, akaenda jikoni kuwapakulia chakula.